Mfagizi Asiye na Mwajiri

Elinami, karani wa Idara ya Kazi enzi za ukoloni, alikuwa amechoka kudanganywa. Kila alipoingia kwenye ofisi za mjini Arusha alikuta sakafu inang'aa na wanawake wamepiga magoti wakisugua, lakini akiuliza nani kawaajiri, hakuna aliyeajiriwa. Huyu amekuja kumsalimu shemeji, yule alikuwa anapita tu, kaona uchafu, kaona asaidie. Uchafu gani huo unaosaidiwa kila siku? Na Lomayani, mwenye kandarasi ya usafi, anajichekea mlangoni, hana hata kibarua mmoja aliyeandikishwa.

Ndipo Namnyaki wa Sokon, mmoja wa wanawake hao, alipounguzwa na dawa ya choo. Mkono wa kulia ukavimba, ukaanza kunuka, vidole havikunjiki. Lomayani akasema hamjui mwanamke huyo. Sheria ilimtaka mwajiri amtibu, ila kwanza ithibitike kwamba mwajiri yupo. Elinami akaona leo ni leo. Alihangaika huku na huku mpaka shauri likafika kwa hakimu, Mzungu mwenye haraka zake.

"Nani aliyekupa kazi? Taja jina lake," hakimu alisema.

Namnyaki aliinamisha kichwa.

"Jina!"

Elinami alimkodolea macho, akakohoa, nusura amtaje mtu huyo yeye mwenyewe. Lomayani alikuwa amekunja nne, ametulia kama anayesubiri kuletewa chai. Hakimu akalifunga shauri: asiyeweza kumtaja mwajiri wake hana mwajiri.

Walipotoka nje, Elinami alishindwa kujizuia. "Mama, umenimaliza! Mkono ni wako, unaoza, halafu unamstahi mtu aliyekukana?"

"Karani, yule ni rika moja na baba mkwe wangu, kwa hiyo naye ni mkwe. Kwetu Waarusha mke hatamki jina la mkwe wake. Wote tunaofagia ni wake za wana wa rika lake. Hamchukui mwingine."

Kumbe! Mwaka mzima Elinami amewaona wanawake wale waoga, amewafokea, amewaita waongo, kumbe Lomayani aliwachagua mmoja mmoja. Na yeye Mmeru, mzaliwa wa upande wa pili wa mlima uleule, hakuwahi hata kuuliza. Alijikasirikia kuliko alivyomkasirikia Lomayani.

"Sasa mkitaka kumwita mnamwitaje?"

"Baba Lerionka. Kuanzia Sokon mpaka Kijenge, nani asiyemjua?"

"Na mbona hukusema hivyo mbele ya hakimu?"

Namnyaki alimtazama kwa mshangao, ameupakata mkono wake uliofungwa kitambaa.

"Si wewe uliyeniagiza nijibu kile tu nitakachoulizwa, nisiongeze hata neno? Mzungu aliuliza jina."