Mlango wa Nyurgun

Nchi yetu ni kubwa mno kukubaliana theluji ni nini. Mjomba wangu aliye Krasnodar, kule kusini, akiona vidole viwili vya theluji uani hupiga picha na kututumia, kama mtu aliyepata mtoto. Moscow theluji ikifika kwenye kifundo cha mguu, televisheni hukatiza vipindi na mtangazaji huongea kwa sauti ya msibani. Sisi wa Kamchatka tunayatazama hayo baada ya kutoka na kurudi nyumbani kwa kupitia darini, na hakuna anayetupigia simu kutupa pole.

Lakini hao afadhali. Wanaonikera ni watu wa Yakutia, na katika hao wote nimeletewa mmoja: Nyurgun, fundi mitambo, aliyekuja kufanya kazi bandarini kwetu akampenda dada yangu Taisia.

Kwao baridi hufika hamsini chini ya sifuri. Najua, kwa sababu alitwambia kila alipopewa chai. Alichosahau kutwambia ni kwamba theluji yao ni haba na kavu. Wanaifagia kwa ufagio, kama makombo ya mkate.

"Nyinyi huku hamna baridi," alisema. "Mna unyevu tu."

"Subiri, bwana mkubwa," nikamwambia.

"Nisubiri nini, shemeji?"

"Shemeji wa nani? Mama hajasema kitu."

Na kweli alikuwa hajasema. Alimpa Nyurgun nyumba ya marehemu bibi, mtaa wa juu, aitunze kipindi cha baridi. Akiiweza, Jumapili ya mwisho ya Januari aje kwa chai apewe jibu la posa yake. Taisia, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuomba ushauri, safari hii akakaa kungoja neno la mama.

Kazi ya kwanza aliyoifanya bwana yule ni kuugeuza mlango wa bibi. Nilimkuta anakaza bawaba kwa nje, mlango keshauvalisha ngozi ya ng'ombe.

"Ulikuwa unafungukia ndani," akanieleza, kama mwalimu. "Upepo unausukuma, joto lote linapotea. Kwetu mlango hufungukia nje."

"Hapa hufungukia ndani."

"Kwa sababu gani?"

"Theluji."

Alicheka hadi akaangusha bisibisi. "Theluji? Theluji si inafagiwa!"

Basi nikamwachia mlango wake.

Dhoruba ilianza Ijumaa, siku mbili kabla ya chai yenyewe. Jumapili ikatulia, chai ikaandaliwa, mgeni hakuonekana. Mama, Taisia na mimi tukapanda mtaa wa juu na mabeleshi. Nyumba ya bibi ilionekana paa tu, na kidirisha kidogo cha kuingizia hewa kilicho juu kabisa ya dirisha. Mama akapiga magoti juu ya theluji, akakigonga. Kikafunguliwa.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti kutoka chini.

"Marahaba. Mbona hukuja?"

"Mlango una tatizo kidogo. Hausukumiki."

"Tatizo gani tena? Si nasikia umeurekebisha?"

"Ufagio unao humo ndani?" nikauliza mimi. "Au tukuletee?"

Nyurgun akasema polepole, "Labda nivunje dirisha."

"Kioo cha mama yangu?" Mama alisimama. "Kivunje, halafu nenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Na jibu langu ulipokee hapo hapo ulipo: asiyejua mlango wa nyumba ufungukie wapi hanichukulii binti. Rodion, mchimbue, aende kwao."

"Msinichimbue," ikasema sauti. "Nitakaa hadi iyeyuke."

"Inayeyuka Juni!" nikamwambia.

"Nina samaki."

Hapo ndipo Taisia alipovua koti lake, akanitupia, akaingiza kichwa kwenye kile kidirisha. Mabega yakapita. Mama akaushika mguu, akavuta kwa nguvu zote, na kilichotoka ni kiatu. Ndani tulisikia viti vikianguka, kisha watu wawili wakicheka.

"Taisia! Toka humo sasa hivi!"

"Kwa mlango upi, mama?"

Majirani walikuwa wameshatokea juu ya mapaa yao na mabeleshi mkononi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anachimba. Wote wanatutazama: binti wa Klavdia Stepanovna yumo ndani na mwanamume, na mlango haufunguki. Mama aliwatazama, akakitazama kiatu, akawatazama tena. Mwisho akainama, akakipitisha kidirishani.

"Vaa. Sakafu ya bibi yako ni baridi." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe umesimama nini? Chimba! Watu wana harusi hawa."

Nikachimba hadi mikono ikafa ganzi, huku bwana harusi, shingo kaitoa kidirishani, ananielekeza namna ya kushika beleshi.