Saa Nne Kutoka Chengdu hadi Harbin

Mke wangu aliitazama mikono ya binti yetu kwenye simu, akanyamaza. Akinyamaza hivyo, najua kuna mtu atakiona cha mtema kuni, na nyumbani tuko wawili tu.

Peiyao alikuwa amejifungua Harbin wiki iliyotangulia. Kwetu mzazi hukaa ndani mwezi mzima. Hagusi maji baridi, hashiki ufagio. Wengine humpikia na kumfulia.

"Mama mkwe ananilea vizuri," alisema. "Nalala, nakula, nanenepa tu."

Vidole vyake vilikuwa vyekundu, vimepasuka. Alipokata simu, mke wangu akasema, "Anafua nepi mwenyewe. Nunua tiketi."

"Mama Peiyao, goti lako bado lina nyuzi."

"Nitaenda nalo. Sikuachii wewe."

Peiyao hakujua kwamba mama yake amepasuliwa goti. Tulimwambia amekandwa kwa mafuta, akapona. Ndivyo tulivyo: aliye mbali tunampa habari njema, mbaya tunazimeza wenyewe. Mimi huona ni upuuzi mtupu, lakini nilimeza pia.

Kwenda Harbin kwa treni kungetuchukua zaidi ya siku nzima. Ndege huzikata zile kilomita elfu mbili na mia tano hivi kwa saa nne, ila mke wangu hakuwa amewahi kupanda ndege.

"Saa nne umekunja mguu?" nilimuuliza. "Utaweza?"

"Wewe ukikaa kwenye mchezo wa majong huondoka baada ya saa ngapi?"

"Sita."

"Basi nyamaza."

Angani goti lilivimba. Akawa anainuka, anashika migongo ya viti na kutembea huku meno ameyauma. Kijana mmoja akamwambia, "Bibi, kaa, utaanguka."

"Nikianguka nitakuangukia wewe, kwa hiyo jiandae."

Harbin tuliletewa kiti cha magurudumu. Akakikataa. "Peiyao anakaa ghorofa ya sita, na lifti hakuna. Nikizoea kubebwa hapa, kule atanibeba nani? Huyu mzee?"

Ngazi zile alizipanda kwa kuvuta mguu mmoja nyuma ya mwingine. Mimi nilikuwa nyuma yake na mizigo, nimejaa hasira na hofu. Nilimsihi apumzike, akaniambia nikichoka nikae.

Peiyao alifungua mlango, mtoto begani, mikono ya sweta imelowa. Ndani hapakuwa na mtu mwingine.

"Mama mkwe wako yuko wapi?" mke wangu akauliza.

"Aliteleza kwenye barafu siku niliyotoka wodini. Amelazwa. Mume wangu anamuuguza." Kisha akauona mguu wa mama yake, umevimba ndani ya suruali. "Ulisema goti limepona."

"Na wewe ulisema unanenepa."

Mke wangu akavua koti, akamchukua mtoto, akanikabidhi mimi. Akaenda bafuni, akalitoa beseni la nepi na kuliweka miguuni pangu. Halafu akaketi kitandani na kumvuta binti yake akae naye.

"Linauma?" Peiyao akauliza.

Nilijua jibu lake: "Hata kidogo." Amelisema miaka yote tangu tuoane, hata siku ya kujifungua.

"Linauma sana," akasema.



"Mimi sijalala, Mama," Peiyao akasema, na ndipo alipoanza kulia.