Minowa Aomba Radhi

Chizuru aliposoma mstari wa kwanza tu wa karatasi ile, alijua itawamaliza. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Minowa, bosi wao, ofisini kwao katika mji wa Takaoka, Japani, juu ya duka la dobi. Hita ya mafuta ya taa ilikuwa inanguruma pembeni, theluji imeziba nusu ya dirisha, na mkononi ameshika tangazo la kuomba radhi ambalo bosi alitaka litafsiriwe kwa Kiingereza na lirushwe dunia nzima kabla ya chakula cha mchana. Akajikaza, akauliza kama wangeweza kuongeza mstari mmoja tu, wa kusema kwamba michoro yote ya gemu yao ilichorwa kwa mkono.

"Hapo tutakuwa tunabishana na mteja," Minowa alisema kwa upole. "Kwanza radhi. Maelezo yatafuata."

"Sawa, bosi," Chizuru akajibu.

Usimcheke. Na wewe ungesema sawa. Minowa hakuwa mkali hata kidogo, na ndiyo maana alikuwa mgumu kupingwa. Mtu anayekufokea unaweza kumfokea, lakini huyu mzee mpole, aliyemwajiri Chizuru aliporudi kutoka masomoni Kanada wakati hakuna kampuni iliyomtaka, utamwanzia wapi? Halafu ofisi ile ina desturi zake. Kama una neno na bosi, unampelekea mapema, pembeni, kwa kikombe cha chai, tena kwa kuzungukazunguka. Akishasema mbele ya watu, ndiyo imetoka. Kumrudia tena mbele ya wenzako ni kumvua nguo hadharani. Chizuru alirudi kwenye kiti chake na kutafsiri, na kila neno alilolipiga lilimchoma.

Minowa naye alikuwa na sababu zake. Baba yake alikuwa muuza dawa, wale wa mkoa wao wa Toyama waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba wakiacha kasha la dawa, kisha wanarudi mwaka unaofuata kulipwa zile zilizotumika tu. Kazi ya namna hiyo ni kuaminiwa au kufa njaa. Tangu angali mtoto, Minowa alifundishwa kwamba ukifika mlangoni ukamkuta mama mwenye nyumba amenuna, usimuulize ana nini. Inama kwanza. Ukishainama utakaribishwa, utapewa chai, na ukweli utajitokeza wenyewe mkiwa mmekaa. Kwa kuinama huko alikuwa ameiendesha kampuni yake ndogo ya gemu miaka na miaka, na wachezaji wa Japani walimpenda kwa hilo.

Shida ni kwamba wachezaji wa Japani peke yao walikuwa hawatoshi tena. Gemu zao zilikuwa za watu wachache wenye subira, na hao wachache walikuwa wanazeeka. Kwa hiyo safari hii walipiga moyo konde, wakaenda kwenye soko la dunia. Gemu yenyewe iliitwa Mbeba Chumvi: mwanamke mmoja anabeba chumvi mgongoni, anapita vijiji vya mlimani vilivyohamwa, na mashetani wanamfuata nyuma wakimwita kwa jina. Hakuna kupiga risasi. Chizuru aliwaandikia waandishi wa habari wa ng'ambo mpaka vidole vikafa ganzi. Wengi hawakujibu, na wachache waliojibu walitaka kujua bunduki zinapatikana hatua ya ngapi.

Halafu bwana mmoja wa huko mbali, mwenye watazamaji wengi kuliko watu wa mkoa mzima wa Toyama, akaicheza mtandaoni mbele ya watazamaji wake. Akafika kwenye kijiji cha tatu, shetani akatoa mkono mlangoni. Yule bwana akasimamisha picha, akahesabu vidole, akakuta sita. Akacheka sana. Akawaambia watu wake kwamba hii ni kazi ya akili bandia, kwamba mashine ndizo hazijui kuhesabu vidole, na kwamba Wajapani hawa ni matapeli wanaouza michoro ya wizi.

Michoro ya wizi! Ilhali kila mlima, kila mlango, kila shetani wa gemu ile alichorwa kwa brashi na wino na mzee Usui Genzo, ambaye maisha yake yote alikuwa mchoraji wa taa za sherehe na sinia za mbao za kung'arishwa, na ambaye aliikalia kazi hii majira matatu ya baridi mpaka magoti yakakataa. Vidole sita alivichora kwa makusudi. Bibi yake alimwambia utotoni kwamba shetani ana kidole kimoja zaidi ya binadamu, cha kuwahesabia wale atakaowachukua.

Okabe, mtaalamu wao wa kompyuta, alijaribu kutania asubuhi ile, akasema mwalimu Usui, kama walivyomwita kwa heshima, hajui hata kutuma picha kwa simu, na leo ndiye roboti. Watu walicheka huku macho yao yako kwenye skrini, ambako matusi yalikuwa yanaingia bila kukoma.

Sasa sikia tangazo lenyewe lilivyosema. Lilisema kampuni inaomba radhi kutoka moyoni kwa usumbufu na wasiwasi iliowaletea wachezaji, na kwamba itajirekebisha. Basi. Japani watu walilisoma wakaona kampuni ina adabu, wakaendelea na shughuli zao. Huko kwingine kote duniani walilisoma wakasema jambo moja tu: wamekiri.

Mambo yakaharibika kweli. Duka la mtandaoni lililokuwa likiiuza Mbeba Chumvi nchi za nje likaifunga, likasema kama uthibitisho kwamba michoro ni ya mkono hautapatikana kufikia Jumamosi, haitarudi tena. Na wale wa matusi walilichimba jina la Usui mpaka wakalipata, wakaweka picha yake mtandaoni, mzee wa watu ameshika taa ya karatasi anatabasamu, na chini yake wameandika mwizi kwa lugha ambazo Chizuru hakuzijua zote. Wengine wakaanza kupiga simu ofisini na kukaa kimya. Chizuru akawa simu ikilia anaruka. Aliogopa gemu itakufa, ndiyo, lakini zaidi aliogopa siku ambayo Usui atajua anaitwaje, na kwamba karatasi iliyompa jina hilo ilipita mikononi mwake.

Siku hiyo ilifika Alhamisi. Usui alipanda ngazi polepole, amevaa koti lake jeusi la misibani, ameshika boksi la vitamu vya maharage mekundu lililofungwa vizuri kwa karatasi ya duka. Kila Mjapani anajua boksi la namna hiyo huletwa na mtu anayekuja kuomba radhi. Chizuru alipoliona, akainuka kitini.

Mzee aliliweka boksi mezani kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua, akainama mpaka kisogo kikaonekana.

"Nimewaletea aibu," alisema. "Nisamehe sana, binti."

"Mwalimu, hujakosa kitu!"

"Kampuni imeomba radhi. Basi nimekosa, ila sijui wapi." Aliongea polepole, bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililomtisha Chizuru kuliko vyote. "Nimekaa nyumbani naitazama michoro yangu, nalitafuta kosa. Wakati mwingine nahisi kama nimeshaliona."

Akaomba jina lake lifutwe kwenye gemu. Taa za sherehe ya mtaa wao, ambazo amezichora tangu ujana, tayari alikuwa amewaambia wasimamizi watafute mtu mwingine wa kuzichora, maana hapendi aibu yake iwaangukie majirani. Chizuru alitaka kumwambia kwamba aliijua sumu ya tangazo lile na akanyamaza. Alichoweza kukitoa kinywani ni mpango: Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa mwalimu, kamera mbele yake, achore yule shetani huku dunia inatazama. Yeye angetafsiri. Usui aliitikia kwa kichwa, lakini mtu mwenye adabu ya namna ile huitikia hata akiombwa kisicho na huruma, kwa hiyo Chizuru hakujua kama amekubali au ameshindwa kukataa. Minowa alipoelezwa, alisema na yeye atakuja, asimame karibu na mwalimu.

Jumamosi walikaa chumba cha nyuma cha Usui, kwenye mikeka. Okabe alisimika kamera, akaweka kompyuta pembeni ili Chizuru aone maoni ya watazamaji. Matangazo ya moja kwa moja yalipoanza tu, watu wakamiminika, na maneno yakawa yanapanda kwenye skrini haraka mpaka macho yanauma. Mzee wa kukodiwa huyo. Mwigizaji. Ngojeni muone, hawezi. Chizuru aliwasalimu watazamaji kwa Kiingereza.

Usui alipiga magoti mbele ya karatasi. Alichovya brashi, akaiinua, na hapo wote wakaona. Mkono unatetemeka. Si kidogo; tone la wino lilianguka kwenye karatasi nyeupe, likafuatwa na jingine. Alishusha brashi, akajishika kifundo cha mkono huo kwa mkono wa pili, akajaribu tena, ukazidi. Kwenye skrini vicheko vikajaa. Mmeona? Hajui hata kuishika.

Okabe aliinua macho kumtazama Chizuru, kama kuuliza akate matangazo. Na ndipo kwa pembe ya jicho Chizuru akamwona Minowa anajongea. Bosi alikuwa amefunga kifungo cha koti. Alikuwa amenyoosha mikono kwenye mapaja, uso umekaa ule mkao wa mlangoni kwa watu, na anaelekea mbele ya kamera.

Chizuru alielewa. Anakwenda kuinama. Ameona mwenye nyumba amenuna, anakwenda kuinama.

Hakufikiri tena. Alimkamata bosi wake mkono wa koti. Mfanyakazi, mbele ya wenzake na mbele ya dunia nzima, amemkamata bosi nguo! Alijiona anafanya na akaogopa, lakini vidole havikuachia.

"Chizuru," Minowa alinong'ona, "niache."

"Siachi, bosi. Ukiinama leo, umemuua."

Minowa alibaki nusu amejipinda, hajanyooka wala hajainama, uso umemshuka kama wa mtu aliyepotea njia ya kwake. Usui aliweka brashi chini taratibu. Hakuitazama kamera, hakuwatazama watu wa mbali waliokuwa wanamcheka. Alimgeukia Minowa.

"Minowa," alisema, "mimi niliiba?"

Ni swali dogo. Lakini Minowa huyo hajawahi kumkatalia mteja hata mara moja, na sasa wateja wa dunia yote wamekodoa macho wanangoja akiri. Chizuru alihisi mkono wa bosi unatetemeka ndani ya koti, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba huyu mzee hakuwa mtulivu; alikuwa na hofu siku zote, hofu ya mlango kufungwa usoni, na kuinama ndiko kulikokuwa kujificha kwake. Akajua pia kwamba bosi akikaa kimya sekunde chache zaidi, ukimya nao utatafsiriwa.

"Hapana," Minowa alisema.

Lilitoka kwa sauti ndogo sana. Akanyooka, akageukia kamera na kulirudia kwa nguvu mpaka Okabe akashtuka.

"Hapana! Kila mstari ameuchora yeye. Hakuiba, na mimi sikuwa na kitu cha kuombea radhi. Anayetaka kuniambia vingine aje Takaoka aniambie nikiwa nimesimama."

Usui alifumba macho. Machozi yalimtiririka yakaingia kwenye mikunjo ya mashavu, na hakuyafuta.

"Nilikuwa nalingoja hilo tu," alisema. "Hao wengine wataamini wakitaka."

Kisha akaiokota brashi. Mkono bado ulikuwa unatetemeka, na mstari wa kwanza ulikwenda upande, lakini aliuacha ulivyo na kuanza wa pili. Maoni yaliendelea kupanda kwenye skrini, ya kutukana na ya kuuliza, na wengine wakaanza kusema nyamazeni tumtazame. Chizuru hakuyasoma tena. Aliuachia mkono wa koti la bosi wake, akasogea karibu na kipaza sauti, na kwa sauti iliyokuwa inatetemeka kama mkono wa mzee, akatafsiri kila neno walilosema wazee wale wawili, hata lile la kuuliza kama aliiba.