Mama Mkwe na Kola Yangu

Kwa miaka tisa sikuwahi kumtazama mama mkwe wangu usoni, na jambo hilo nilijivunia kuliko cheti changu cha ualimu. Kwetu Manga, mkikutana njiani, unampisha na kwa heshima unageuza uso upande wa vichaka. Mimi niligeuza kwa madaha, watu waone.

Mwaka 1973 shingo ikagoma. Mkono wa kulia ukaanza kufa ganzi, chaki ikawa inanidondoka mbele ya darasa, na watoto wakicheka. Nikasema ni baridi tu. Baada ya mwaka mzima wa ubishi nikapelekwa Nairobi, nikaambiwa gegedu la shingo limelika na mshipa wa fahamu unabanwa. Wakakata kipande cha mfupa nyongani, wakakipachika kati ya pingili mbili za shingo ili ziungane. Nikarudi nyumbani nimevishwa kola ngumu, kidevu juu, kama jogoo anayesikiliza mvua.

"Miezi mitatu shingo isitikisike," daktari alinionya. "Mfupa usiposhikana, huo mkono usahau."

Niliogopa sana. Bila mkono wa chaki mimi ni nani?

Siku moja nilikuwa nimekaa nje peke yangu, wengine wamekwenda kuchuma majani chai. Mara Kemuma, mama yake mke wangu Bonareri, akatokea langoni na mkungu wa ndizi kichwani, mbele yangu kabisa. Nikataka kugeuza uso, kola ikakataa. Kuinuka haraka nisingeweza. Basi mimi, msomi wa kijiji, nikafumba macho nikajifanya nimelala.

"Mwalimu?"

Nikakaza kope.

"Mwalimu!"

Nikabana pumzi, kuongezea heshima.

Mkungu ukaanguka puu! "Uuwi! Mume wa binti yangu amekufa!"

Jirani yangu Onyancha akaja mbio, akanishika mabega tayari kunitikisa. Heshima yote ikaniisha.

"Usiniguse! Niko hai!"

Nilipofumbua macho, Kemuma alikuwa hatua mbili mbele yangu, akihangaika kujifunika uso kwa leso. Ilimponyoka vidoleni mara mbili. Akaishika kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukabaki unaning'inia, vidole vimejikunja. Niliijua ganzi ile. Nilikuwa nimeibeba mwaka mzima.

"Mama, huo mkono una muda gani hivyo?"

Akageukia kando, kwa adabu. "Miaka minne, mwanangu. Ni baridi tu."

Miaka minne alikuwa akinipita njiani na mizigo kichwani, nami nikitazama vichaka. Niliona aibu ambayo kola haikuweza kuificha. Bonareri aliporudi nikamwambia ampeleke mamake hospitali kesho yake, asingoje mwaka wa ubishi kama wangu.

Mkono wangu ulipona. Siku hizi nikikutana na mama mkwe, nageuka mwili mzima kama mlango, lakini kwanza natazama mikono yake.