Mfano wa Neno "Fey"

Katika chumba cha kamusi palikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: kila neno la Kiingereza lipate mfano, na mfano utoke katika jambo ambalo mwandishi ameliona kwa macho yake. Msimamizi, waliyemwita Bwana Nukta kwa jinsi alivyowabana hadi nukta ya mwisho, hakutaka kusikia habari ya mifano ya kubuni.

Siku hiyo mfasiri alikabidhiwa neno "fey". Siku hizi wengi humwita hivyo mtu wa ajabuajabu, aliye kama hayupo duniani. Lakini maana yake kongwe ilimsisimua mwili: huelezea mtu ambaye kifo kimeshamkaribia, naye ghafla akachangamka kupita kiasi.

"Sasa huyo nimtoe wapi?" alitania, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Alimkuta nyumbani. Mama yake, aliyekuwa hoi kitandani muda mrefu, alikuwa anafagia ukumbi huku akiimba, macho yanamng'aa.

"Mama! Nani kakuinua?"

"Miguu yangu mwenyewe, mwanangu. Hebu pisha, usinikanyagie usafi wangu."

Simu ikalia. Ni kaka yake, aliyeishi mbali na aliyekuwa ameshafungasha begi aje kumwona mgonjwa. Aliposikia ule wimbo alicheka hadi akapaliwa.

"Kumbe bibi harusi wetu kapona! Basi nitakuja mwisho wa mwezi, kazi zimenibana."

"Njoo leo, kaka."

"Leo kuna nini? Unataka kumchuria mama?"

Lile neno la kazini lilimjia. Aliogopa kulitamka mbele ya furaha ile, akaogopa zaidi lisije likasikika kama apizo.

"Hamna kitu," akasema. "Nakutania tu."

Asubuhi mama hakuamka. Kaka alifika kuzika.

Tangu hapo, kila akifumbua macho, mfasiri anausikia ufagio ukumbini. Akichungulia, hakuna mtu. Anaogopa, na bado anatamani usinyamaze.

Aliporudi kazini aliandika mfano wake: siku ile mama alikuwa "fey", alifagia ukumbi mzima akiimba, na kaka akaahirisha safari. Bwana Nukta aliusoma, akaurudia, kalamu mkononi.

"Mbona simwoni anayekufa hapa?"

"Hata kaka hakumwona," alisema mfasiri. "Mimi nilimwona, nikanyamaza."