Boila Isiyopumzishwa

Saa nne asubuhi sindano ya geji ya presha ilivuka alama nyekundu, na vali ya usalama, inayopaswa kuachia mvuke, haikufunguka. Miaka kumi na moja Nasma alikuwa mwangalizi wa boila katika kiwanda cha juisi pale Muheza, na hakuwahi kuona vali ikinyamaza namna ile.

Mkurugenzi wa zamani, Mzee Harub, alianza kazi akiwa fundi mitambo. Kila mwezi wa nne, kabla ya msimu wa machungwa, alisimamisha kiwanda wiki mbili ili boila ifunguliwe, isafishwe na kupimwa. Wafanyakazi walipomlalamikia, alisema anataka kiwanda ambacho wajukuu wao watakikuta. Muntasir aliyemrithi alikuwa muuzaji hodari wa sabuni, na mawazo yake yote yaliishia mwisho wa mwezi. Mauzo yalipanda kweli. Ukarabati akauahirisha mwaka wa kwanza, na wa pili.

Nasma akampigia simu.

"Bosi, presha imepita kiasi na vali imeganda. Nazima."

"Subiri nusu saa, Bi Nasma. Lori la Dar halijajaa."

"Nusu saa hatuna."

"Ukizima, kesho usije."

Simu ikakatika. Ndani ya boila ukaanza mlio mwembamba, kama mtu anayesaga meno usingizini. Mlango ulikuwa hatua sita tu, na Nasma alitamani kukimbia. Lakini nyuma ya ukuta walikuwa kina mama arobaini wakichambua machungwa, mmoja wao Tausi, binti wa dada yake. Akakata mafuta, akauacha mvuke uende mabombani ili presha ishuke, akavuta king'ora.

Muntasir alishuka ngazi mbiombio, amefura. Mlangoni akausikia ule mlio. Uso ukamsawijika.

"Itapasuka?"

"Sijui, bosi. Toka nje."

Walisimama wote ng'ambo ya barabara. Baadhi yao walisoma Ayatul Kursiy. Baada ya robo saa mlio ulififia, ukaisha.

Mkaguzi alikuta vali imeshikwa na kutu, na mabomba mawili yamelika hadi kubaki membamba kama karatasi. Kiwanda kilifungwa wiki sita katikati ya msimu. Machungwa yakaoza uani.

Siku moja Muntasir alimfuata Nasma. "Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nilikuambia mara mbili. Ukaniuliza ukarabati utaongeza katoni ngapi."

Muntasir hakumfukuza kazi.

Boila ilipowashwa tena, Nasma alikaa mbele ya geji, akiikazia macho sindano. Hofu ile haikumtoka msimu mzima.