Hatua Kumi kwenye Mahame

Umande haujakauka, Mwahija alimshika mumewe mkono wakatoka kijijini, yeye na jembe begani, mzee Fakihi na nyengo ya kukatia vichaka kiunoni utadhani angeona cha kufyeka. Macho ya mzee yalifunga ukungu mwaka uleule waliohamishiwa kijiji cha ujamaa, sabini na nne, na tangu hapo hawakurudi kwao, kulikobaki mahame. Sasa ni mwezi wa sita, mwaka wa sabini na sita. Mwenyekiti wa kijiji, Yunusu, aliwapa ruhusa ya siku moja tu ya kuchoma nyasi, maana kuchoma moto kulikuwa marufuku.

Walikuwa wanakwenda kwenye kaburi la Kadija. Binti yao alifariki ana miaka saba, na kaburini pake yalisimama mashahidi mawili ya mbao, moja kichwani, moja miguuni, aliyoyachonga babake. Zamani, kila mwezi wa sita, nyasi zikiwa nusu mbichi, Fakihi alizichoma taratibu kuzunguka pale, ili moto mkali wa mwezi wa tisa ukija usikute cha kula. Mwaka jana hapakuchomwa. Ni bahati tu kwamba moto ulipita ng'ambo ya bonde. Mbao zile zikiungua, nani atajua mtoto kalala wapi katika pori lile?

Kijijini watu waliwaita mzee Fakihi na bibi Mwahija. Wao wawili tu ndio waliobaki kuitana kwa jina la mtoto.

"Mama Kadija, tumefika?"

"Tumefika. Nyumba imelala chini. Miiba imeota jikoni kwangu."

"Iache. Haitaunguza wali kama wewe."

"Wali uliungua mara moja, miaka thelathini unausema!"

Fakihi alichuma unyasi, akaupinda karibu na sikio. Haukukatika. Akageuza shavu kuutafuta upepo.

"Vizuri. Fyeka hatua tatu kuzunguka kaburi, kama siku zote. Kisha washa ukingoni, moto utambae kuelekea upepo unakotoka. Utakwenda zake wenyewe."

Mwahija akatwaa nyengo akafyeka, akaparua udongo kwa jembe mpaka ukabaki mweupe. Alipogusa nyasi za ukingoni kwa mguu, akaona chini ya ule ubichi zimelala nyasi za mwaka jana, kavu, nene kama godoro. Akasita. Miaka yote yeye alishika matawi ya kuzimia tu. Neno la moto lilikuwa la mumewe.

"Unangoja nini?"

"Hatua tatu hazitoshi, Baba Kadija."

"Nimechoma hapa miaka ishirini, leo unanifundisha?"

"Ulikuwa unachoma kila mwaka. Mwaka jana hukuchoma. Hebu lete mkono."

Akauongoza mkono wake chini. Vidole vikazama mpaka kifundo, na nyasi zikavunjikavunjika.

"Ningemwunguzia mwanangu nyumba yake," mzee akasema polepole.

"Hujaunguza kitu. Kaa hapa kivulini."

Akatoa kibiriti mfukoni, akampa mkewe bila kuambiwa. "Hatua ngapi?"

"Kumi."

Alifyeka na kuparua mpaka mgongo ukagoma. Wakala muhogo, wakaswali, wakangoja alasiri upepo utulie. Kisha Mwahija akapiga njiti.

Moto ukapanda mpaka kiunoni pake, ukainama upande wa kaburi.

"Niambie," Fakihi akasema, kashika shahidi la kichwani kwa mikono miwili.

"Unakuja kwetu. Ndimi zake zimefika hatua ya nne juu ya udongo. Hauna cha kushika... Umerudi. Sasa unatambaa kwenye upepo."

"Moshi je?"

"Mweupe."

"Basi nyasi mbichi zinauzuia. Utakufa bondeni."

Kweli ukafia bondeni, na nyuma yake ukabaki mduara mweusi, na katikati kaburi lenye mbao zake mbili. Mwahija akaketi kumfuta mumewe majivu usoni kwa upindo wa kanga.

"Sikiliza," akasema yule mzee, kidole juu. "Kushoto. Kuna kitu kinatatarika."

Mwahija hakusikia kitu, lakini akaenda. Akakuta kisiki ukingoni kinafuka kwa ndani, jicho jekundu kama punje ya mtama. Akakifukia kwa jembe.

"Bado kinasema?"

"Bado. Ongeza."

Akaongeza udongo, akakanyaga, akaongeza tena, mpaka Fakihi akatikisa kichwa kwamba hasikii kitu.